Naomba ushauri: siti za nyuma ya okestra pale Philharmonie, Berlin

Wadau habari zenu, nipo huku Berlin na binti yangu anasoma vayolini, sasa nataka kumpeleka Philharmonie, ule ukumbi wa muziki, kuna kondakta mgeni (yule anayeongoza okestra) na soloisti wa vayolini (mpigaji mkuu anayesikika peke yake), wanapiga konseto ya Beethoven ya D meja, yaani kazi ya vayolini na okestra, ile ya mwaka 1806. Binti anaipenda mno hasa pale mwanzo ngoma za timpani zinapoanza peke yake halafu okestra inapiga dakika kama tatu hivi ndo vayolini inaingia.

Shida yangu ni siti. Ule ukumbi jukwaa liko katikati na watu wanakaa pande zote, na siti za nyuma ya okestra ndo bei nafuu, tena unamwona kondakta uso kwa uso, mikono, macho, kila kitu, kwa mtoto anayejifunza naona ni darasa tosha. Lakini sauti ya vayolini si inaelekea mbele? Soloisti atakuwa ametupa mgongo, naogopa tutasikia tarumbeta na timpani tu, yeye afunikwe, na mtoto anaenda kwa ajili yake hasa.

Waliowahi kukaa kule naombeni mnieleze ukweli, au nijibane ninunue za pembeni ambako ataviona hata vidole? Na makofi je, sehemu ya kwanza pekee ya konseto ni zaidi ya dakika 20, ikiisha mtoto akipiga kwa furaha kabla konseto nzima haijaisha watu watatugeukia au siku hizi wanaelewa?