Naomba ushauri: kupanda vilima vya Shela kutanipa spidi?

Mwana wa Langoni
Assalaam alaikum wanajamvi. Niko Amu (Lamu), umri miaka 31, huu ni mwaka wa tatu nakimbia. Siku nne kwa wiki natoka Mkunguni baada ya alfajiri, nafuata ukingo wa bahari hadi Shela na kurudi, kama kilomita 6. Kilomita 10 nazimaliza kwa dakika 52, na hapo nimekwama tangu kaskazi iliyopita. Pumzi ninayo. Tatizo ni miguu: kilomita ya mwisho mwenzangu akichomoka, nataka kumfuata na miguu inakataa.

Rafiki yangu anayefanya mazoezi Iten, kule milimani Bonde la Ufa, ameniambia spidi hujengwa mlimani. Sasa Amu mlima uko wapi? Tuna vile vilima vya mchanga nyuma ya Shela tu. Wiki jana nilikwenda, nikapanda mara 15, nikishuka mbio na kugeuza papo hapo. Kufikia mara ya kumi mguu ulikuwa unazama hadi kifundo na hauinuki. Kesho yake nilishuka ngazi za nyumbani nimeshika ukuta, na shavu la mguu wa kulia liliuma siku tatu.

Je, mchanga unafaa badala ya kilima? Nipande mara ngapi, na siku gani?

Mkimbiaji Malindi
Waalaikum salaam, pole sana kaka. Malindi nako ni tambarare, najua shida yako. Mimi nilipanda ngazi za jengo la ghorofa nne, mara mbili kwa wiki. Goti lilijifunza kuinuka, hilo sikatai, lakini hatua ya ngazi ni fupi na haikuachi unyooshe mguu. Ningekuwa na vilima vyenu nisingegusa ngazi.

Kocha Mstaafu
Kijana wangu, ulichofanya ni zoezi la ustahimilivu, tena kubwa mno kwa siku ya kwanza. Mbio fupi za kilima ni kitu kingine kabisa. Unapanda kwa nguvu zako zote sekunde 8 hadi 10, basi. Kisha unashuka kwa kutembea na kusubiri dakika 2 hadi 3, kwa sababu ile akiba ya nguvu ya haraka iliyo ndani ya msuli imekaribia kwisha na inahitaji muda huo kurudi. Ukipanda kabla haijarudi, utachoka sana bila kupata spidi.

Faida ya kilima ni kwamba kinakulazimisha kuinua goti na kusukuma kwa makalio na nyuma ya paja. Na kwa kuwa ardhi inakuja kukulaki, mguu hauanguki kwa kishindo kama kwenye tambarare. Tafuta mwinuko wa wastani, kila mita 100 upande mita 6 hadi 10. Ule ukuta wa mchanga unaopandwa kwa mikono na magoti uache.

Kuhusu mchanga: mkavu unameza nguvu. Kwa mwendo uleule, kukimbia juu yake kunakula nguvu kama mara 1.6 ya ardhi ngumu, na kisigino kikizama kano yake inavutwa kuliko ilivyozoea. Naamini shavu lako liliumia hapo. Lakini msiudharau. Herb Elliott wa Australia alipandishwa vilima vya mchanga vya Portsea na kocha wake Percy Cerutty, na mwaka 1960 kwenye Olimpiki ya Roma alitwaa dhahabu ya mita 1500 kwa rekodi ya dunia, dakika 3 na sekunde 35.6.

Mbio za Lami
Kocha, kwa heshima, napinga. Spidi hutoka kwenye spidi. Mchanga utamfundisha mguu kukaa chini muda mrefu, na mkimbiaji wa kasi anataka mguu uguse na kuondoka. Akimbie mita 400 ardhi ngumu, apumzike, arudie.

Kocha Mstaafu
Una haki nusu, ndugu yangu. Ndiyo maana akimaliza kupanda ashuke ufuoni maji yakiwa yamekupwa, akimbie mara nne mita 80 juu ya mchanga uliolowa na kushikana, kwa kasi lakini bila kujikaza. Mguu unakumbushwa kazi yake siku hiyohiyo. Mita 400 zisubiri mwezi wa pili, akishakuwa na msuli wa kuzibeba.

Binti Shela
Kaka, mimi ni mzaliwa wa hapa na nina ombi. Vilima hivi ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya visima vyetu, Shela na Amu nzima. Mvua inazama mchangani na kukaa chini. Majani yanayotambaa juu ndiyo yanayoushika mchanga usihame na upepo wa kusi, kwa hiyo panda pale penye njia iliyokwisha kukanyagwa, usifungue mpya.

Na uangalie maji kabla ya kupanga siku. Yanasogea karibu dakika 50 kila siku, kwa hivyo alfajiri iliyokupa ufuo mpana wiki hii, wiki ijayo utakuta yamejaa hadi ukutani na njia ya Mkunguni imefunikwa.

Mwana wa Langoni
Dada, nimesikia, sitakanyaga majani. Shukran nyote. Kocha, nianze na ngapi? Na nivae viatu au nikimbie peku?

Kocha Mstaafu
Kwanza mguu upone kabisa, ubonyeze shavu usisikie kitu. Kisha mara 3 tu, sekunde 8, siku moja kwa wiki, baada ya kukimbia polepole dakika 20 mwili upate moto. Kila wiki ongeza moja mpaka zifike 8. Usiiweke siku inayofuata mbio zako ndefu. Viatu vaa, mwezi wote wa kwanza. Peku ianze kwenye ule mchanga mgumu, mita 80 mbili kati ya zile nne, na ukisikia kisigino kinavuta asubuhi unapotoka kitandani, rudi kwenye viatu na uniandikie hapa.