Yale makasha ya dhahabu ya Tutankhamun yaliingiaje mle chumbani?

mpenda_kale
Wakuu habari zenu. Nafuatilia sana Misri ya kale ila kuna kitu kwenye kaburi la farao Tutankhamun kule Bonde la Wafalme kinanisumbua. Chumba alimolazwa kina kama mita 6.4 kwa 4, afu lile kasha la nje la mbao lililofunikwa dhahabu lina urefu wa mita 5 na upana wa mita 3 na ushee, yani limebana mpaka kupita pembeni ni shida. Ndani yake kuna mengine matatu, ndo unalikuta jeneza la jiwe. Sasa walipitishia wapi?

randa_na_msumeno
Mkuu, yaliingia vipande vipande yakafungiwa mle mle. Mimi ni seremala na hii habari naipenda mno, kila ubao uliwekewa alama ya kuonyesha unakaa upande gani, lakini waliofunga waligeuza, milango iliyotakiwa kutazama magharibi kwenye upande wa wafu ikatazama mashariki, na pale mbao zilipogoma wakagonga nyundo mpaka dhahabu ikaumia. Ndani ya lile la jiwe kulikuwa na majeneza mengine, na la nje kati ya hayo lilizidi kimo upande wa miguu, mfuniko wa jiwe ukawa haukai, basi wakachonga vidole vya miguu vya lile jeneza na vipande vya mbao vikakutwa chini humo humo. Mfuniko wenyewe ulikuwa umepasuka katikati, wakaziba na kupaka rangi. Hiyo ni kazi ya watu wanaokimbizwa.

dada_wa_makumbusho
Niongezee hapo, ukuta wa kusini haukuwa mwamba, ni mawe yaliyopangwa yakapigwa plasta, na walimalizia kuuchora baada ya makasha kuwa ndani. Ndo maana Howard Carter, yule Mwingereza aliyeligundua kaburi, na wenzake ilibidi wabomoe sehemu ya ukuta huo ili wayatoe, na mchoro wa mungu mke Isis uliokuwepo ukaharibika. Inaniuma sana hii, ingawa sioni wangeyatoaje bila kubomoa.

kijana_wa_historia
Haraka ilikuwepo kweli, Tutankhamun alikufa ghafla akiwa na miaka kama 18 au 19. Cheki yale madoa ya kahawia ukutani, ni vijidudu vilivyoota zamani, wengi wanaona ni kwa sababu kaburi lilifungwa rangi haijakauka vizuri. Wataalamu wa Getty, taasisi ya Marekani ya kuhifadhi vitu vya kale, walivipima wakakuta vimeshakufa na haviongezeki, ila vimeingia ndani ya rangi kwahiyo wameviacha. Afu ukuta wa kaskazini mtazame Ay, kavaa ngozi ya chui anamfanyia marehemu ibada ya kufungua kinywa, yani ya kumwezesha kula na kusema huko kwa wafu, huku keshavaa taji la ufalme, yani mrithi kajichoresha kabisa kwenye kaburi la aliyemtangulia. Kwangu huo ndo mchoro mzito kuliko yote mle.

mpenda_kale
Asanteni sana, hiyo ya vidole sikuwahi kuisikia. Na vipi vile vyumba vya siri nyuma ya ukuta?

dada_wa_makumbusho
Mtaalamu wa Misri ya kale Nicholas Reeves alileta hiyo hoja 2015, watu wakapiga rada mara kadhaa, Waitaliano wa Torino wakasema 2018 hakuna kitu. Ukienda Luxor leo, kwenye hilo bonde, jeneza la jiwe liko pale pale, na mumia yenyewe ipo mle kaburini kwenye kioo. Barakoa ya dhahabu iliyofunika uso wa mumia na lile jeneza la dhahabu tupu la kilo 110 hutayakuta huko, hayo nenda mji wa Giza karibu na Cairo, kwenye makumbusho mapya.