Mjadala: Je, seva zetu za barua pepe zikubali anwani zenye herufi nje ya a hadi z?

Baadhi ya wenzetu wanaosimamia seva hapa Nakuru wanashikilia kwamba Kiswahili na Kiingereza vinaandikika kwa herufi za kawaida, kwa hiyo anwani zenye herufi nyingine zikataliwe. Siungi mkono. Mkazi wa Bahati anayeandika jina lake kwa ĩ na ũ za Gĩkũyũ haombi fadhila, wala mteja wa Addis Ababa anayetumia hati ya Kiamhari.

Upande wa kikoa, yaani sehemu ya anwani inayofuata alama ya @, kazi ilikwisha zamani: tangu 2003 jina kama bücher hugeuzwa kwa herufi za kawaida kuwa xn--bcher-kva, na hata seva kuukuu hulipitisha. Ugumu uko kabla ya alama ya @, ambako mageuzi hayo hayatumiki. Hapo kila seva inayopokezana barua hiyo sharti ielewe SMTPUTF8, kiendelezi cha kanuni za kupitisha barua pepe kinachoruhusu herufi hizo, kilichowekwa 2012, la sivyo barua humrudia mtumaji. Postfix, programu ya seva za barua, inakielewa tangu toleo la 3.0 la mwaka 2015, kwa hiyo wengi wetu tunacho tayari.

Linalonisumbua zaidi ni hili: ĩ huweza kuhifadhiwa kama herufi moja, au kama i ikifuatwa na alama yake ya juu. Kwa macho hazitofautiani, lakini kwa seva ni mfuatano tofauti wa baiti, na sanduku la mtu aliyesajiliwa kwa namna moja halitapatikana akiandikiwa kwa nyingine. Tuzisawazishe zote ziwe herufi moja, wakati wa kusajili na wakati wa kupokea.

Jibu kutoka Kisumu: Ndugu, na matapeli je? Mwaka 2017 mtafiti alionyesha kikoa cha herufi za Kisirili (hati ya Kirusi) kilichofanana kabisa na apple.com. Mhasibu wa chama cha akiba atakitambuaje?

Mwanzilishi wa mjadala: Hofu yako ni ya haki, ndugu, ila kufunga SMTPUTF8 hakumzuii tapeli huyo, kwa kuwa kikoa chake kinapita tayari kikiwa katika umbo la xn--. Kinga iwekwe pale mhasibu anaposoma: kikoa kinachotia shaka kionyeshwe kwa umbo hilo la xn-- badala ya herufi zake. Wanaotaka tufunge watueleze basi ni barua gani ya utapeli itakayozuiwa na hatua hiyo.