Mrejesho: Gari lisilolipiwa kodi kwenye maegesho ya pamoja

Ndugu zangu, mtakumbuka niliuliza kama gari langu bovu, lililokwisha kodi ya magari inayolipwa serikalini, laweza kubaki kwenye maegesho ya pamoja ya ghorofa tunazopanga hapa Leicester, Uingereza, baada ya wasimamizi kubandika notisi ya njano kwenye kioo chake.

Nawashukuru sana. Nilianza kwa kuitaarifu DVLA, mamlaka ya leseni za madereva na magari, kwamba gari haliko barabarani (SORN), jambo lisilo na malipo, kisha halmashauri ikanithibitishia kwamba eneo lile si barabara inayotunzwa kwa fedha za umma. Kwa upande wa sheria, basi, nilikuwa salama.

Aliyenisihi nisome mkataba wa pango ndiye aliyeona mbali, kwani kifungu kimoja kinataka kila gari liwe limelipiwa kodi, na SORN haitengui mkataba. Ombi langu la kuruhusiwa nibaki nalo lilikataliwa, ila niliongezewa wiki tatu za kuliondoa. Kwa kuwa gari lenye SORN haliendeshwi barabarani isipokuwa kwenda kwenye ukaguzi wa MOT (wa usalama wa gari) uliopangwa mapema, nilikodi lori la kubebea magari, na sasa gari langu liko uani kwa rafiki yangu.