Vijana wanachangia harusi laki moja, kwa wazee wetu elfu mbili: tumekosea wapi?

Mhazini_Uyole (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Uyole, Mbeya, ambako asubuhi hizi za Julai baridi haimruhusu mtu kushika jembe kabla ya saa tatu.

Mimi ni mama wa makamo na mhazini wa kikundi kidogo cha mtaa kinachowasaidia wazee wanaolea wajukuu walioondokewa na wazazi. Tulikianzisha wakati UKIMWI ulipokuwa ukiwamaliza watu wazima wa rika letu katika mikoa hii, na waanzilishi wengi sasa nao ni wazee wa kusaidiwa. Tumebaki wanachama 23, na ni wanne tu ambao hawajavuka miaka 35, umri ambao Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inauhesabu kuwa ndio mwisho wa ujana.

Mwezi uliopita nilizunguka na daftari langu nyumba kwa nyumba. Kijana mmoja, fundi simu wa Mwanjelwa, aliniandikia shilingi 2,000, nami niliona wazi kwamba ametoa kwa kunistahi tu. Jioni ile ile nikaliona jina lake katika kundi la WhatsApp la harusi ya jirani yetu: shilingi 100,000, amemaliza, na alama ya vema pembeni. Sikukasirika, ila niliduwaa. Wiki iliyofuata tulipokwenda kupalilia shamba la viazi la kikundi, vijana waliofika walikuwa wawili, na mmoja aliaga saa nne kwa maelezo kwamba ameitwa kazini.

Kwa hiyo fedha ipo na moyo wa kutoa upo. Naomba mnishauri kwa dhati: tufanye nini ili vijana wa mtaa wawe wachangiaji na wafanyakazi wa kujitolea katika kikundi hiki, badala ya sisi kukaa tukisubiri mfadhili atoke mbali?

Mhitimu_Iyunga

Shikamoo mama mhazini. Naomba niseme nikiwa mmoja wa hao unaowalalamikia.

Tazama kwanza jinsi harusi inavyochangishwa. Kuna kamati, kuna bajeti inayojulikana, na kila jioni katibu anaweka orodha mpya inayoonyesha aliyeahidi, aliyemaliza na kiasi kilichopungua. Tarehe ya mwisho inajulikana. Siku yenyewe ikifika, mchangiaji anakaa mezani, anakula pilau na kuona kwa macho yake fedha zilikokwenda, na zaidi ya hayo anajua kwamba zamu yake ikifika naye atachangiwa. Sasa, mama, bila kukuvunjia heshima, daftari lako limewahi kuonwa na nani baada ya kijana kuandika jina lake? Inawezekana kila shilingi imefika kwa wazee, nami naamini hivyo, lakini yule fundi simu hajui hata kama elfu mbili zake zilinunua sabuni au zilikuwa nauli ya mwenyekiti.

Jambo la pili ni neno lenyewe, kujitolea. Kwa mhitimu wa leo neno hilo limeingia shubiri. Mimi nilijitolea miezi 14 katika shirika moja, ambalo sitalitaja, kwa ahadi kwamba nafasi ikitokea nitafikiriwa. Nilibeba viti, nilivalishwa fulana na kupigwa picha za kupelekewa wafadhili, na nauli ya daladala nilijilipia. Nilipoomba barua ya utambulisho niliandikiwa mistari miwili, na jina langu la pili likakosewa. Unapotangaza mtaani kwamba vijana waje wajitolee, wengi wetu tunakumbuka viti vile.

Mstaafu_Tukuyu

Nimemsoma kijana hapo juu na nimemwelewa, ila naomba nirudi nyuma kidogo.

Sisi Wanyakyusa tulikuwa na desturi ambayo wageni waliiandika kwa mshangao: wavulana wa rika moja, wakifika kama miaka 10 au 11, walianza kujenga vibanda vyao kando ya kijiji cha baba zao. Chakula walikula kwa mama zao, lakini kulala walilala kwao, na kadiri walivyokua vibanda vile viligeuka kuwa kijiji kamili chenye wake na watoto. Kisha, mara moja katika kila kizazi, ilifanyika sherehe iliyoitwa ubusoka, ambamo wazee waliwakabidhi vijana ardhi na uongozi. Mioto ya zamani ilizimwa na ukawashwa moto mpya. Sisemi turudi huko, kwa sababu desturi ile ilikuwa na ukali wake, na wanawake hawakuulizwa mengi. Ninachosema ni kwamba wazee wale walijua kuachia.

Sasa nikuulize, mama: kati ya mwenyekiti, katibu, mhazini na wajumbe wa kamati yenu, kuna kijana hata mmoja? Ninaotea kwamba hakuna. Mnawaita siku ya jembe, lakini siku ya kuamua viazi viuzwe lini na kwa bei gani hawaitwi. Hata mimi, nilipokuwa kijana, nisingerudi mara ya pili.

Bodaboda_Njombe

Wakubwa, msisahau kwamba wengi wetu mfukoni hatuna kitu. Mimi siwezi kutoa 20,000, lakini kila Jumapili naweza kumpeleka bibi mmoja kanisani na kumrudisha bila malipo. Hakuna kikundi kilichowahi kuniuliza nina nini zaidi ya fedha.

Muuguzi_Iringa

Naomba kuongeza mfano kutoka kazini. Katika uchangiaji damu, vijana ndio nguzo. Wanafunzi wa sekondari na vyuo hutoa sehemu kubwa, na shule zikifungwa akiba hupungua hadi tunahangaika. Kijana huyo huyo anayesemwa kwamba hajali anakaa, anatobolewa mshipa na kutoa chupa nzima kwa ajili ya mtu asiyemfahamu. Ukitafakari sababu, utaona kwamba kazi yenyewe ina mipaka iliyo wazi: awe na umri wa miaka 18 hadi 65, awe na kilo 50 au zaidi, na akishatoa, mwanamume anasubiri miezi mitatu na mwanamke minne. Anajua inachukua muda gani, na anajua atakapokuwa huru. Wito wa kuja shambani Jumamosi hauna saa ya kumaliza, hivyo msimshangae aliyeaga saa nne.

Tahadhari moja: vijana wakiingia, simu zitaingia pamoja nao, na mtu atataka kumpiga picha bibi akipokea kilo mbili za sukari na kuiweka kwenye status. Kubalianeni mapema kwamba hakuna sura ya mzee wala ya mtoto itakayorushwa bila ridhaa. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata isingekuwapo, yule bibi ana majirani, na wajukuu wake wana wenzao shuleni. Piga picha ya paa lililoezekwa upya, inatosha.

Mhazini_Uyole

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Mzee wa Tukuyu, umeotea sawasawa: hayumo hata mmoja. Nilifunga simu nikakaa kimya muda mrefu.

Jana nilimfuata yule fundi simu kibandani kwake. Sikumwomba mchango. Nilimwonyesha daftari kuanzia ukurasa wa kwanza, naye alilisoma huku simu ya mteja ikiwa imefunguliwa mezani, kisha akaniuliza kwa nini mwezi wa Machi tulinunua mbolea kwa bei ya juu kuliko ya duka la jirani yake. Sikuwa na jibu. Amekubali kuwa mhazini msaidizi kwa miezi sita, si zaidi, kwa sharti kwamba hesabu ziwekwe kwenye kundi la WhatsApp kila tarehe 1.

Nimebakiwa na swali moja. Anapendekeza michango ipitie simu, lakini wazee wenzangu wanaogopa laini kusajiliwa kwa jina la mtu mmoja, hasa kijana.

Mhitimu_Iyunga

Wana haki ya kuogopa, mama. Msitumie laini ya mtu. Tumieni huduma ya vikundi, kama M-Koba, ambayo fedha haitoki mpaka waidhinishaji mliowachagua wakubali kila mmoja kwa simu yake. Mchagueni yeye, wewe, na mzee mmoja ambaye ni mgumu kuliko wote.

Na kama Jumamosi ijayo mnapalilia tena, andika saa ya kuanza na ya kumaliza. Nitakuja na wenzangu watatu.