Mfumo wa otomatiki tunaoulipia unaangushwa na jina la Ng'ang'a

Wadau,

Nina hasira na ninaomba mnisikilize hadi mwisho. Ninasimamia hifadhidata ya PostgreSQL ya duka la vipuri hapa Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, na tulilipia mfumo wa otomatiki ili kila asubuhi uingie katika hifadhidata hiyo, uulize nani anadaiwa kiasi gani, kisha umtumie kila mteja ujumbe mfupi wenye salio lake. Kuunganisha hakukuwa na taabu: anwani ya seva, poti (mlango wa mtandao) 5432, jina la mtumiaji na nywila, basi. Taabu ilianza mfumo ulipofika kwa mteja mwenye ritifaa, yaani alama ya ', katika jina lake.

Katika SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, maandishi hufungwa kati ya ritifaa mbili. Mfumo huu hulichukua jina jinsi lilivyo na kulibandika ndani ya swali, hivyo anapofika Ng'ang'a, hifadhidata husoma 'Ng' kama neno lililokamilika, hukutana na "ang" isiyojua ni kitu gani, na kulikataa swali zima kwa kosa la sintaksia, yaani mpangilio wa amri. Kazi yote husimama papo hapo, na waliobaki kwenye orodha hawapati chochote. Jamani, hapa ni Nairobi! Wang'ombe, Nyang'au, Ong'era na Ng'eno ni wateja wetu wa kila siku.

Dawati la huduma la waliotuuzia mfumo limenijibu kwamba niondoe ritifaa kwenye majina. Yaani nibadilishe majina ya watu katika daftari la madeni, yasilingane tena na vitambulisho vyao, ili programu tunayoilipia isisumbuke. Nimekataa, na nitaendelea kukataa, kwa sababu dawa ya tatizo hili inajulikana tangu zamani: swali hutumwa likiwa na nafasi iliyoachwa wazi, katika PostgreSQL huandikwa $1, na jina hutumwa kando kama kigezo, hivyo hifadhidata haiwezi kamwe kulichukulia jina kuwa sehemu ya amri.

Tena jambo hili si la majina tu. Mahali ambapo ritifaa ya Ng'ang'a inavunja swali ndipo mtu mwenye nia mbaya anapoweza kupenyeza amri yake ya kusoma au kufuta majedwali, na wateja wetu hujaza majina yao wenyewe kwenye tovuti.

Juu ya hayo, hawana anwani za IP (anwani za mtandao) za kudumu ambazo tungeziruhusu peke yake, kwa hiyo mwongozo wao unatuagiza tuifungulie poti dunia nzima, yaani 0.0.0.0/0, na tuwape mtumiaji mwenye mamlaka yote. Mimi niliwaundia mtumiaji mwenye ruhusa ya SELECT, yaani kusoma, peke yake, kwenye jedwali moja. Jaribio lao la muunganisho likakataa. Data ikivuja, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalitambua duka letu kama mdhibiti wa data hizo, na sisi ndio tutakaoitwa kujieleza.

Nimewaandikia kudai warekebishe au waturudishie fedha zetu. Kama kuna mdau hapa anayetumia mfumo unaopokea vigezo ipasavyo, wenye anwani za kudumu, na unaoridhika na ruhusa ya kusoma tu, naomba autaje, pamoja na gharama yake kwa mwezi.