Jengo la kaya 12 Mbeya: sola ya paani tuanzie wapi?

Mwanaushirika_Forest: Wakuu, jengo letu la ushirika lina kaya 12, kila moja na LUKU yake (mita ya kulipia umeme kabla). Mita ya pamoja inabeba pampu ya maji ya kilowati 1.5, taa za ngazi na geti. Wapo wanaotaka sola kwa jengo zima. Kwa nini wenye nyumba wengi wanahamia huko, na sisi tuanzie wapi?

FundiJua: Vyumba viacheni kwanza, anzeni na mita ya pamoja. Kaya isiyozidi uniti 75 kwa mwezi iko D1, daraja la bei nafuu la majumbani, kama shilingi 122 kwa uniti na kodi ndani. Sola haitamwokolea kitu cha maana. Mita ya pamoja iko T1, daraja la matumizi ya kawaida, kama shilingi 356. Pampu hiyo ikifanya kazi saa nne kwa siku inakula uniti 180 kwa mwezi, yaani shilingi 64,000. Iwasheni kwa sola kuanzia saa 4 asubuhi, jua likiwa kali, maji yapande tangini. Tangi lililojaa linawafaa kuliko betri. Sababu nyingine ya wengi ni umeme kukatika: ngazi gizani na bomba kavu humkimbiza mpangaji.

Paneli 6 za wati 550 zinatosha, na betri moja ya lithiamu ya kilowati-saa 5 kwa taa. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa matumizi ya nyumbani, iwe ya uwezo wa kVA 5. Mota ikianza huvuta mara tatu hadi sita ya mkondo wake wa kawaida, inveta ya kVA 3 itajizima kila mara.

Nyanda_Juu: Hesabu za Dar msizinakili huku. Baridi hupandisha volti za paneli. Paneli 10 za volti 49.9 zikiungwa mfululizo ni volti 499. Asubuhi ya Julai, nyuzi 5, zinafika kama 525, na inveta yenye kikomo cha 500 inakufa jua likichomoza. Sita ni salama, mkiongeza baadaye msipite 9 kwa mstari mmoja. Paneli zitazame kaskazini, mlalo wa nyuzi 10 hadi 15, na kivuli cha tangi kisiziguse.

Radi za huku si za kuchezea: kinga ya radi upande wa paneli na upande wa inveta, na waya wa ethi, unaoshusha umeme wa radi ardhini, uwe mfupi. Breka za paneli ziwe za mkondo mnyoofu (DC), ndio umeme unaotoka kwenye paneli. Breka ya kawaida ya nyumbani hushindwa kuzima cheche za umeme huo, ikaungua.

Mwanaushirika_Forest: Asanteni sana. Bati letu ni geji 30, litabeba?

FundiJua: Bati lenyewe halibebi. Skrubu zipite kwenye mgongo wa bati hadi kwenye mbao, kila moja na mpira wake. Ukitoboa bondeni, mvua ya Machi itaingia. Mbao zilizooza zibadilishwe kwanza.

Kihesa_Juu: Na msisahau LUKU. Umeme wa ziada ukirudi kwenye nguzo, mita nyingi huuhesabu kama mmeutumia, uniti zinaisha mchana kweupe. Fundi afunge kihisi cha mkondo, kinachoiambia inveta umeme unaelekea wapi, kwenye waya mkuu unaotoka kwenye mita, na inveta iwekwe isirudishe kitu. Kisha zimeni pampu saa 6 mchana mwangalie: taa ya mita ikiendelea kupepesa haraka, kihisi kimefungwa kinyume.